Wa Zamani Wamekuja Kula

Siku hizi huposwi mpaka wapenzi wako wa zamani waje kukutolea ushahidi mbele ya mchumba, na sheria haisemi nani awalishe. Basi Mwanaidi alipika pilau sufuria nzima, maana alimpenda kweli huyu mchumba wake, Kombo.

"Ana moyo mzuri," alianza Burhani, wa zamani wa kwanza, akinyofoa paja la kuku. "Ila akinuna, jamani, hata paka anahama."

"Nilinuna kwa sababu hukuja kwenye arusi ya dada yangu!"

"Shahidi hakatizwi, mama," alidakia Sefu, wa pili. "Na simu yako ataisoma, kaka. Jiandae."

Kombo alicheka mpaka akapaliwa. Wanaume wakahamia kwenye mpira, wakapeana namba, wakaitana ndugu. Mwanaidi akabaki kusomba sahani, akijiambia afadhali wamepatana.

Mlangoni Kombo alimshika mkono kwa upole. "Nimekula nikashiba, Mwanaidi. Ila nina ombi."

"Sema tu," alijibu.

"Akija mchumba mwingine, siku yangu ya ushahidi, unipikie biriani."