Boksi la Maxine

Muthomi alilisukuma boksi zima ndani ya jiko la shule, akasimama kando kulitazama likishika moto. Makadamia zilizokuwa ndani zilikaidi kwanza, zikatoa moshi tu. Kisha mafuta yake yakayeyuka na moto ukaanza kunguruma. Nyaga, mpishi, alikuwa amekwenda kuteka maji. Hakuna aliyeona.

"Sasa tuone atafundisha na nini," alijiambia.

Tangu aanze kazi, hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyofika shuleni kabla ya kengele.

Yeye na Maxine waliingia pamoja katika shule hii iliyo juu ya Kibugu, walimu wapya wa muda, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Madam Lydiah, mwalimu mkuu, aliwaambia wazi kwamba asubuhi ya leo ataketi darasani atazame somo, na atakayemridhisha ndiye atakayebaki. Muthomi aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Kule Meru, mama yake alikuwa ameshawatangazia wauza ndizi wenzake wa soko la Gakoromone kwamba kijana wake ni mwalimu wa kudumu.

Lakini huyu Maxine! Chaki zake zilipangwa kwa rangi. Madaftari ya watoto wake yalikuwa yamesahihishwa kabla ya chai ya saa nne. Darasa lake la kwanza, vitoto vilivyoacha kunyonya juzi, vilitoka nje kwa mstari bila hata kimoja kulia. Muthomi alifundisha la tatu. Kila asubuhi alisaka dasta mpaka somo likafika katikati, ndipo akaikuta mfukoni mwake mwenyewe.

"Walimu wapya waige mfano wa Maxine," Madam Lydiah alipenda kusema, na walimu wapya walikuwa wawili tu. Muthomi alimwonea Maxine wivu mpaka chakula kikamshinda.

Kisha likaja hilo boksi. Siku za karibuni Maxine alikuwa akibaki baada ya masomo, amezungukwa na watoto, wakihesabu makadamia, kuzifunga kumi kumi katika vijifuko vya kitambaa na kuzipanga ndani ya boksi. Na watoto wenyewe, jamani, walikuwa wa darasa la Muthomi! Hata Kagure, kiranja wake mwenyewe, alionekana akimpelekea makadamia ndani ya sweta. Alipokutana na Muthomi kwenye ukumbi, aliificha sweta nyuma ya mgongo, akacheka, akakimbia.

"Hata watoto wangu amenichukua," Muthomi alimlalamikia Nyaga.

"Chema chajiuza, Mwalimu," Nyaga alisema, akiendelea kumenya viazi.

Jibu hilo lilimchoma zaidi. Alitaka kusikia kwamba Maxine anajipendekeza.

Jana jioni alichungulia kwenye dirisha la darasa la kwanza. Maxine alikuwa peke yake, anaandika kadi kwa hati nzuri ya kuudhi: 347, 502, 618. Muthomi alisonya. Watoto wa la kwanza bado wanahesabu kwa vidole, na huyu anawaandikia mamia! Maringo tu, ili Madam Lydiah ashike mdomo.

Maxine aliinua kichwa akamwona.

"Muthomi, kesho asubuhi unaanza na somo gani?"

"Hesabu. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu. Na usichelewe, tafadhali. Madam hapendi."

Tafadhali! Sasa amekuwa mama yangu, Muthomi aliwaza. Njia nzima alikwenda akilifikiria boksi lile, jinsi lilivyojaa, jinsi lilivyokaa vizuri juu ya meza.

Na leo limekuwa majivu. Nyaga alirudi na ndoo zake, akainama kutazama jikoni.

"Leo huu moto umekula nini?"

"Si ni yale maganda yako ya makadamia ya kuwashia," Muthomi alijibu. "Yamekauka vizuri."

Chai ilichemka upesi. Katika chumba cha walimu, Madam Lydiah alikunywa kikombe chake akaisifu. Muthomi naye alikunywa, na ilikuwa tamu kuliko chai yoyote aliyowahi kunywa hapo. Kupitia dirishani aliweza kumwona Maxine darasani kwake, akiinama chini ya meza, akifungua kabati, akilifunga, akilifungua tena. Muthomi alifurahi, wala hakuona haya. Akaongeza sukari.

Kengele ililia. Madam Lydiah alikibana kiti chake kwapani, na Muthomi akamsubiri akunje kona kuelekea la kwanza. Hakukunja. Alikuja naye moja kwa moja mpaka mlango wa la tatu.

"Huanzi kwa Maxine, Madam?"

"Maxine nimtazamie nini? Ameshapata kazi Kiritiri, Jumatatu anaondoka. Hakutaka uambiwe mapema, usije ukalegea." Madam Lydiah aliketi nyuma ya darasa, akavaa miwani. "Mimi nilikuwa nataka kutafuta mtu mwingine. Nilimwambia, huyo Muthomi hana mpango hata kidogo. Yeye akashikilia kwamba nije kwanza nikuone. Haya, Mwalimu. Thamani ya nafasi, mamia na makumi na mamoja. Nionyeshe vifaa vyako."

Muthomi aligeukia ubao, kisha akageukia watoto. Kwenye benchi la mbele Kagure alikuwa ameshanyoosha mkono, hatulii, anacheka kama siku ile ya sweta.

"Ticha, twende tulete boksi yako kwa Ticha Maxine? Amesema leo ndiyo tukupatie."