Maji ya Kunawa

"Shemeji, leo kula. Usiwape kuku kama jana!"

Bhoke, jirani yangu, aliweka mezani ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na samaki sato wa soko la Mwigobero, akaelekea mlangoni.

Nilimshukuru Mungu, nikashika jagi la maji. Nikanawa mkono wa kulia tu, maana wa kushoto ulikuwa umeshika jagi.

Miaka thelathini marehemu mke wangu alininawisha kila mlo. Mimi sikumnawisha hata siku moja.

"Bhoke, rudi tule."

"Aa, nimeshiba, shemeji."

Nikamfuata na jagi na beseni. "Nyosha mikono."

Akacheka. "Mwanaume aninawishe mimi?"

Kisha akaona bado nimeshika jagi juu ya beseni, namngoja. Akaacha kucheka, akakunja mikono ya gauni lake.