Hija ya Mzee Patroba

Siku mkewe Prudensia alipofariki, Patroba alirudi kutoka hospitali, akasimama mbele ya friji jikoni mwao Arlington, Texas, wala hakuifungua. Alikuwa anatazama kijitabu kilichobanwa mlangoni kwa sumaku: vilima vya Rioja, Hispania, safu za mizabibu, na mnara wa kanisa wenye viota vya korongo.

Mkewe alikikuta kanisani, kimesahauliwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Alikitangaza Jumapili mbili, mwenyewe hakujitokeza, akakichukua. Ukurasa wa tisa ulikuwa umezungushiwa penseli, na ndio huo alioupenda: nyumba ya mawe yenye ghala la divai chini ya ardhi.

"Baba Precious," alikuwa akisema, "kila mwaka tunasoma harusi ya Kana, na mimi sijui hata hiyo divai ina ladha gani. Utanipeleka nionje tone. Moja tu."

"Tone hilo litatufikisha benchi la nyuma."

Hakuwa anatania. Kanisani kwao hata meza ya Bwana ilikuwa ya juisi ya zabibu, na aliyepatikana na kileo alikaa benchi la nyuma miezi sita. Samson alikuwa huko bado, kwa kopo la bia lililoonekana garini mwake. Alidai ni la shemeji. Patroba alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka tisa, na tangu awe mgane, kiti kile cha wazee cha mbele ndicho kilichomtoa nyumbani.

Lakini alikuwa ameahidi. Mwaka ulipotimia, Septemba 2003, alichukua tikiti ya wafanyakazi wa uwanja wa ndege, alikofanya kazi ya kupakia mizigo, akaliambia kanisa anakwenda Hispania kuhiji. Hakudanganya sana. Njia ya kale ya mahujaji wa miguu inapita kweli mle mle katikati ya mizabibu. Wazee wakamwekea mikono. Wacuka, kiongozi wa kwaya, akamletea jozi tatu za soksi nene, asije akapata malengelenge.

Soksi zilirudi mpya. Njia yenyewe Patroba aliitembea dakika ishirini, kutoka kituo cha basi hadi nyumba ya mawe.

Aliporudi, ikabidi atoe ushuhuda, tena kwa picha za slaidi. Taa zikazimwa, projekta ikawashwa.

Picha ya kwanza ilikuwa mizabibu. "Yohana kumi na tano," akasema. Watu wakaitikia amina.

Ya pili, mbavu za mwanakondoo juu ya makaa ya matawi ya mizabibu. "Chakula cha mahujaji." Amina ikazidi.

Ya tatu hakuikusudia. Mapipa kama mia mbili, yamepangwa gizani chini ya dari ya mawe.

Kule benchi la nyuma, Samson akanyoosha shingo.

"Mzee," Wacuka akauliza, "hizo pipa ni za nini?"

"Maji. Mahujaji huona kiu."

"Ati maji? Na mbona wameyafungia chini kama wafungwa?"

"Jua la kule si la mchezo, mama."

"Kuliko hili la Texas?"

Kicheko kikaanza pembeni. Patroba alibonyeza kitufe, picha ikakwama.

"Mzee anasema kweli," Mchungaji Njoroge akakata maneno. "Kule chini kuna ubaridi mzuri. Washeni taa. Mzee Patroba, baada ya ibada uje ofisini. Na hizo picha uje nazo."

Patroba aliingia ofisini akiwa ameshajiona amekaa bega kwa bega na Samson. Mchungaji alifunga mlango, akageuza ufunguo.

"Nilionja," Patroba akasema kabla hajaulizwa. "Ilikuwa ahadi ya marehemu. Tone la kwanza lilikuwa lake. Glasi iliyofuata, sitakudanganya, Mchungaji, ilikuwa yangu."

Mchungaji aliichukua ile picha ya mapipa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu kuliko ushahidi unavyohitaji.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Umemwambia Wacuka?"

"Ningemwambia Wacuka, Mchungaji, lingekuwa limeshafika Houston."

Njoroge akaketi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Yule mbwa wao mwenye masikio marefu," akasema, "bado huwatangulia wageni kwenye ngazi?"

Patroba hakuwa amepiga picha ya mbwa yeyote.

"Na kile kijitabu alichotangaza marehemu, nakiomba. Ule ukurasa wa tisa niliuzungushia mimi."

Septemba hii kanisa linawaombea mahujaji wawili. Wacuka ameshanunua soksi.