Bangili ya Mama Tausi

Siku hizi kila mtu huvaa bangili ya moyo. Mapigo yakivurugika, taa huwa nyekundu na gari la wagonjwa lisilo na dereva huja lenyewe kukuchukua. Sasa mke wangu, Mama Tausi, ana maradhi ya hofu. Yakimshika, moyo hurukaruka, gari huja, na king'ora chake humzidishia hofu. Juzi lilimbeba na unga mikononi. Hospitali wakamrudisha: "Ni hofu tu, mama."

Nikamvalisha mbuzi wetu bangili yake, maana mbuzi haogopi kitu ila sikukuu ya Idi.

"Baba Tausi, utatufungisha," alisema akicheka. Chapati zikaiva kwa amani.

Leo mchana nimemkuta kaketi kizingitini, mkono kifuani.

"Moyo unasimama kidogo, halafu unaruka. Ni ile hofu yangu, au siyo?"

Mimi ningejuaje? Nikakimbilia bandani kuivua bangili. Mbuzi aliponiona natweta, akadhani Idi imefika. Akaruka uzio na bangili mguuni, na taa ikawa nyekundu.

King'ora kikaanza kulia kwa mbali. Mama Tausi akakisikia, akashika kifua kwa mikono miwili.