Uchafu Dirishani kwa Roquet

"Itoe," alisema Thordis kabla hata hajafunga mlango. "Itoe hapo dirishani, watu wanapita."

Roquet, muuza picha, aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Akamwomba ashushe sauti, dukani mna mteja. Thordis hakushusha. Alitoka Norway akiwa msichana, akazeekea Paris akichora mwanga: mwanga juu ya maji, juu ya shuka zilizoanikwa, juu ya mashavu ya watoto. Asubuhi hiyo anga la Paris lilikuwa la bluu mno, hata akasimama njiani kulikodolea macho kama mgeni. Kisha akafika kwenye dirisha la Roquet, akaiona picha.

Mama akimwogesha mtoto, eti. Mtoto alikuwa na rangi ya nyama iliyochacha. Maji ya beseni yalikuwa ya kahawia, kama ya kufulia nguo za mgonjwa. Mkono wa mama ulikuwa pande la matope.

"Paris nzima inaipenda," Roquet alinong'ona.

"Muda wote huu mnaona uchafu huu, na mnapiga makofi?"



Mteja, bwana mnene mwenye mkongojo wa mpini wa fedha, alisogea. Kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kusoma, alimweleza Thordis kwamba hiyo ni kazi ya Brekke, mchoraji mkubwa, na ule ukungu wa kahawia ndio hekima ya uzee wake. Si kila mtu ana jicho la kuiona.

"Bwana," Thordis alisema, "wewe umewahi kuona mtoto?"

Hakungoja jibu. Alichukua kisu cha kufungulia vifurushi, akainama dirishani, akaichana picha kutoka juu mpaka chini. Harufu ya mafuta ya rangi ikampanda puani. Akakifuta kisu kwenye sketi kana kwamba kimegusa usaha.

Yule bwana akamdaka mkono, akawa anaita polisi. Mwanamke huyu ameharibu picha ya Brekke, alipaza sauti, afungwe.

"Mwachie, bwana," Roquet alisema, akijikalisha kitini kama mtu aliyechoka. "Huyo ndiye Brekke. Daktari amemtoa mtoto wa jicho, na bandeji alimfungua jana."