Nyumba Namba Kumi na Moja

Mgeni aliandika "Kanada" kwenye safu ya anakotoka, kisha akakata.

Immakulata alikuwa hoi. Kiangazi chote gesti yake hapo Kibondo ilijaa watalii waendao porini kutazama nyati, na miguu ilikuwa imemvimba kwa kupanda ngazi. Alikigeuza kitabu cha wageni asome alichoandika mgeni badala yake.

"Kambi ya wakimbizi, mtaa D, nyumba namba kumi na moja."

"Nimezaliwa huko," mgeni alisema. "Nasikia siku hizi ni msitu."

Kidole cha Immakulata kilibaki juu ya wino mbichi, kikachafuka.

Kwenye benchi, mwenyekiti wa mtaa alikuwa akisikiliza habari za wilaya redioni. Yeye na mji mzima walijua kwamba Immakulata ni mzaliwa wa Kumsenga, kijiji cha humo humo wilayani. Ndivyo alivyowaambia, miaka ishirini sasa. Kunyamaza alikuwa amekuzoea, ila leo hata huko kunyamaza kulimchosha.

Alinyoosha mkono, akazima redio. Mwenyekiti akainua kichwa.

"Sisi tulikaa namba kumi na mbili," Immakulata alimwambia mgeni. "Mama yako aliondoka na sufuria yetu."