Benchi la Wasindikizaji

Watu tisa walikuwa wamebanana kwenye benchi la kliniki, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa haja yake.

"Mimi namngoja wifi yangu," alisema mshonaji. "Yuko njiani."

Wifi huyo alikuwa njiani tangu Jumatatu.

Fundi wa umeme alikuja kutazama taa, nayo taa ilikuwa inawaka vizuri tu. Mwalimu alikuwa amemsindikiza jirani yake, na jirani, aliyeketi ubavuni pake, alikuwa amemsindikiza mwalimu.

Muuguzi, aliyekuwa akiwasikiliza mlangoni, akarudi ndani, akaketi mbele ya daftari jeupe pe. Vidonge vya kujikinga na virusi vya Ukimwi vilikuwa vimejipanga kabatini, havina mwenyewe. Mwaka mzima alikipigania chumba hiki kifunguliwe jioni, watu wapite wakitoka kazini. Leo Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Wasipoandikwa watu kumi, mganga mkuu alishasema, chumba kinarudi kuwa stoo ya magodoro.

Na huyo mganga mkuu hakukaa mbali. Jumatatu alikuja kukagua, ananukia marashi, mzee wa watu aliyefiwa na mkewe miaka minne sasa. Akauliza mtu akisahau kidonge siku moja inakuwaje. Jumatano akaja tena, akauliza kama vinamezwa kabla ya kula au baada.

"Ni kwa ajili ya ripoti," alisema, ingawa kalamu hakuwa nayo. Kisha akalitupia benchi jicho, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Muuguzi alishusha pumzi, akatoka nje.

"Jamani, utaratibu umebadilika. Hatuwangoji tena wanaosindikizwa. Msindikizaji ataingia yeye, atapimwa, atajibu maswali, ataondoka na dawa. Kwa niaba."

Fundi akakohoa.

"Na kidole kitakachotobolewa ni cha nani?"

"Chako, kaka yangu. Kwa niaba."

"Basi ngoja nimsaidie wifi wa watu," alisema mshonaji, naye alishafika mlangoni.

Ndani aliongea akitazama sakafu. "Mume wa wifi yangu ana nyumba nyingine huko. Wifi hataki kuvunja ndoa, ana watoto wadogo. Anataka alale bila hofu, basi."

"Mwambie hajakosea kuja."

"Nitamfikishia," alisema mshonaji, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mmoja akitoka, mwingine anaingia. Kufika saa kumi na mbili benchi lilikuwa tupu, na daftari lilikuwa na watu tisa.

Mganga mkuu akaingia na funguo mkononi. Akashusha kidole kwenye daftari, mstari kwa mstari.

"Tisa," alisema. "Nilisema kumi."

"Mzee wangu, tisa kwa jioni moja tu..."

"Kumi ni kumi, binti yangu."

Akaelekea mlangoni. Muuguzi akafumba macho, akasikia mlango ukifungwa taratibu.

Alipoyafumbua, mganga mkuu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, koti kapakata, anakunja mkono wa shati.

"Mimi," alisema kwa sauti ya chini, "nimemsindikiza mganga mkuu."